Mbwa wa Kizimba cha Mwisho: Achukuliwe au Aachwe?

Dada yangu na mumewe wamegombana juu ya mbwa ambaye bado si wao. Dada alimwona kwenye kituo kinachotunza mbwa waliookotwa na waliotelekezwa, katika kizimba cha mwisho kabisa. Ni dume la rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala, na umri wake wanaukisia kuwa miaka 4. Wenzake wote walirukia wavu na kubweka. Yeye alikaa nyuma, uso kaugeuzia ukutani. Dada akalia palepale. Shemeji hakulia, aliuliza tu, "Kwa nini tusitafute mtoto wa mbwa tukamlea wenyewe?" Tangu siku hiyo kila mmoja ananipigia simu kwa wakati wake, akitaka niwe upande wake.

Nikiwasikiliza, naona ugomvi huu si wao peke yao, na kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Hoja ya shemeji ni ile ya samaki mkunje angali mbichi, na sayansi iko naye kwa sehemu kubwa. Kuanzia wiki ya 3 ya maisha hadi kama wiki ya 12 au 14, mtoto wa mbwa huipokea dunia kwa udadisi kuliko hofu. Akikutana humo na watoto wenye kelele, mwavuli unaofunguka ghafla, mzee mwenye mkongojo, muungurumo wa pikipiki na mikono ya daktari wa mifugo, vyote anavihesabu kuwa vitu vya kawaida. Asichokutana nacho katika kipindi hicho, akija kukiona baadaye hukishuku. Inawezekana kumzoesha ukubwani, ila kwa taratibu na kwa jasho. Mbwa wa kizimba cha mwisho kipindi hicho kilimpita zamani, na hakuna ajuaye kilimkuta wapi. Huenda alikulia sebuleni, huenda alizaliwa chini ya karavati.

Shemeji anateleza anapodhani kwamba mtoto wa mbwa ni udongo wa mfinyanzi, kwamba atachagua aina anayoitaka na kuifinyanga atakavyo. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Marekani uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, na vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000 kati yao vikasomwa. Aina ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo anayekwambia "chukua aina hii, ni wapole kwa watoto" anakupa bahati nasibu yenye picha nzuri. Mbwa mzima, kwa upande wake, ameshakuwa. Kimo chake hakitakushangaza mwakani. Utaona kama anavuta kamba, kama anapenda kushikwa, kama akiona paka anapagawa.

Halafu kuna kazi. Mtoto wa mbwa hutolewa nje kila baada ya saa mbili hivi, usiku huamka na kulia, na meno yake hayabagui kiatu cha kazini na kandambili. Shemeji anayerudi nyumbani giza limeshaingia bado hajasema kazi hiyo ataifanya nani. Nina wasiwasi kwamba dada anajua jibu, na ndiyo maana sauti yake hupanda tukifika hapo.

Lakini nikisema mbwa mzima unamwona alivyo, nina deni la kueleza unamwona wapi. Kizimba ni kioo kibovu. Fikiria wewe ukamatwe, uwekwe kwenye chumba cha saruji chenye harufu za wageni arobaini, usiku kucha kelele, halafu mtu apite mbele yako kwa dakika mbili aamue una hulka gani. Watafiti waliopima homoni ya kotisoli, ile inayopanda mwilini kwa msongo, walikuta mbwa wa vituoni wakiwa na kiwango cha juu hasa siku 3 za mwanzo. Mbwa wa namna hiyo anaweza kubweka kama kichaa na akafika nyumbani akalala kama mzee. Anaweza pia kunyamaza, akakubali kila anachofanyiwa, na mhudumu akaandika "mpole sana" kwenye kikadi cha mlangoni, kumbe ameganda kwa woga. Baada ya wiki tatu, akishajua njia za nyumba, ndipo anamngurumia mgeni kwa mara ya kwanza na wenye nyumba wanasema amebadilika. Hajabadilika. Ndiyo kwanza amefika.

Hicho kikadi chenyewe nacho kisikuzuzue kinapotaja aina. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha mara nyingi kwamba hata wahudumu wazoefu hukosea wakitaja ukoo wa chotara kwa kumwangalia tu.

Sasa upande wa dada. Yeye anasema "kumwokoa", na neno hilo ndilo linalonitia shaka kuliko mbwa mwenyewe. Anayeokoa husubiri shukrani. Mbwa hajui kwamba ameokolewa. Anajua kwamba ametolewa mahali alipoanza kupazoea akapelekwa pengine, na hao watu wapya wananukia sabuni.

Nasema haya kwa kuwa yalinipata. Miaka iliyopita nilichukua jike mmoja mweusi aliyeokotwa barabarani. Jioni ya kwanza alisimama mlangoni, miguu ya mbele ndani, ya nyuma nje, akabaki hivyo karibu saa nzima. Kifuniko cha sufuria kikaanguka jikoni. Akakojoa palepale alipo, amesimama, bila hata kuinama. Kwa siku 9 hakunywa maji mbele ya mtu. Bakuli lilikuwa limejaa tunapolala na limepungua tunapoamka. Nikishika ufagio alijibana sakafuni kama anataka kupenya chini ya vigae. Tukasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: lazima kuna mtu aliyempiga kwa ufagio. Tulimtungia hadi sura huyo mtu, na tukamchukia kwa dhati.

Daktari wa mifugo alitusikiliza akasema, "Huenda alipigwa. Huenda pia hajawahi kuona ufagio."

Sentensi hiyo ilinigharimu muda kuimeza. Hadithi ya mateso ilikuwa imetufanya tumwonee huruma, na huruma ikatufanya tuufiche ufagio, tunong'one, tumbembeleze kila akitetemeka. Hakupona kwa hayo. Alipona tulipouacha ufagio umelala sakafuni siku nzima, ukiwa umezungukwa na vipande vya nyama, na sisi tukaendelea na shughuli zetu. Ilichukua kama miezi miwili. Dada anaponiambia "yule wa ukutani ameteswa, naona machoni mwake", namkumbuka yule mtu tuliyemtunga.

Hata hivyo lipo jambo linalompa dada nguvu. Mwaka 2001 watafiti wa Hungaria walichapisha walichokiona kwa mbwa wazima wa vituoni: mtu mmoja alipokaa na mbwa vipindi 3 tu vya dakika 10, akimshika na kucheza naye, mbwa alianza kumtofautisha na mgeni na kumfuata. Dakika 30! Kwa hiyo ile hofu ya kwamba mbwa mzima "hawezi tena kupenda watu wapya" haina mashiko. Kushikamana na mtu huja upesi. Kinachochelewa ni kuizoea dunia iliyomzunguka huyo mtu: lifti, wageni, radi, na kubaki peke yake.

Hilo la kubaki peke yake lina uzito zaidi ya yote niliyoyataja. Mbwa aliyewahi kupoteza nyumba akifungiwa ndani anaweza kulia mfululizo, kukwangua mlango hadi kucha zitoke damu, kujisaidia zuliani. Wengi hudhani ni kisasi. Ni hofu, na hutibiwa kwa kuondoka dakika moja, kisha mbili, kisha tano, kwa wiki nyingi. Mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, kila siku, bila mwenzake wa kupokezana, asichukue mbwa wa aina yoyote, na mbwa wa kituoni asimguse kabisa. Hapo silegezi.

Kuhusu afya sitakaa sana, maana kituo kinachojiheshimu kitakuonyesha daftari: chanjo ya kichaa cha mbwa na tarehe yake, dawa ya minyoo, vipimo vya magonjwa ya damu yanayoletwa na kupe, na kama amefungwa kizazi. Kichaa cha mbwa si jambo la kubahatisha. Dalili zake kwa mtu kwa kawaida huchukua miezi 2 au 3 kujitokeza baada ya kuumwa, wakati mwingine hadi mwaka, na zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa, mtu kwa mnyama. Kituo kisicho na daftari, ondoka, hata kama umeshampa mbwa jina.

Niliwaambia wote wawili habari ya mtoto wao, mpwa wangu wa miaka 6, kwa kuwa mhudumu alimtajia dada jambo ambalo yeye alilipita kama vile hajalisikia: mbwa huyo hunguruma mtu akisogelea bakuli lake. Shemeji amelishika hilo kama fimbo. Kwa kweli si hukumu. Wapo mbwa wanaolinda chakula kizimbani wakaacha wakifika nyumbani ambako hakuna wa kuwanyang'anya, na wapo waliokuwa watulivu kituoni wakaanza baadaye. Kunguruma kwenyewe ni lugha, tena ya heshima: ananiambia nikae mbali kabla hajalazimika kuuma. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kutonguruma, na hapo ndipo anauma "bila onyo". Lakini mtoto wa miaka 6 hasomi lugha hiyo. Haoni mbwa akipiga miayo bila usingizi, akilamba pua, akigeuza kichwa huku weupe wa jicho unaonekana. Anaona rafiki anayekula na anataka kumkumbatia. Watoto wengi wanaoumwa huumwa na mbwa wanaowafahamu, mara nyingi nyumbani. Kwa hiyo swali si kama mbwa ni mbaya. Swali ni kama katika nyumba ile kuna mlango wa kufungwa kila mbwa anapokula, na mtu mzima ambaye hatasahau kuufunga siku ya 200 kama alivyoufunga siku ya 2.

Jambo la mwisho hawakulitaja hata mmoja wao: kumrudisha. Watu wanaliona kama aibu, hata hawalizungumzi kabla, na matokeo yake mbwa asiyefaa nyumba fulani hufungwa nyuma ya jiko miaka 8 ili mwenye nyumba asionekane katili. Mbwa huishi takriban miaka 10 hadi 13, wakubwa wa umbo wakiwahi kufa. Huyu wa miaka 4 ana safari ndefu mbele. Vituo vingi vinakubali umlee kwa muda, wiki mbili au mwezi, kabla ya kutia saini. Mimi naona hiyo ndiyo njia ya watu wazima, mradi wenye nyumba wakubaliane mapema, kwa maneno, ni kitu gani kikitokea mbwa atarudi. Akimngurumia mtoto? Akimgusa kwa meno? Majirani wakilalamika?

Niliwauliza hivyo wakiwa pamoja kwenye simu moja. Dada akasema hakuna kitu kitakachomfanya amrudishe. Shemeji akasema chochote. Nikawaambia basi hamjawa tayari kwa mbwa yeyote, mzima wala mchanga, hadi majibu yenu yakutane mahali fulani katikati. Nilijua nimewaudhi wote wawili, na hilo angalau liliwaweka upande mmoja.

Nikawapa kazi: waende tena kituoni, mara mbili au tatu, saa tofauti, wamtoe mbwa mbali na kelele za wenzake, wakae chini, wasimwite, wasimguse, waone atafanya nini. Mtoto abaki nyumbani mara ya kwanza.

Jumamosi walikwenda. Mbwa alitolewa kwa kamba hadi uwanja wa nyuma, akanusa majani kwa dakika 20 bila kuinua kichwa. Hakumtazama dada hata mara moja. Dada aliumia, alinipigia simu wakiwa bado garini. Nyuma yake nikamsikia shemeji akisema, "Lakini hakubweka." Wiki ijayo wanarudi tena, safari hii na bakuli la chakula.