Roketi za Shaba na somo ambalo hatukubakiziwa

Mwezi uliopita, kwenye uwanja wa vumbi kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, nilimkuta mwanafunzi wa uhandisi akiwa na watoto sita, chupa ya plastiki na pampu ya baiskeli. Chupa ilitiwa maji kidogo, ikazibwa, ikajazwa hewa mpaka ikachomoka. Mara ya kwanza ilipanda mita chache, ikapinduka hewani kama kuku aliyechinjwa, ikaangukia bati la jirani. Akaiokota, akabandika puani udongo wa kichuguu kiasi cha ngumi ya mtoto, akakata mapezi matatu ya karatasi ya boksi na kuyagandisha mkiani. Safari hii ilikwenda juu wima mpaka jua likatunyang'anya.

"Papa," akaniambia, "haikukosa nguvu. Ilikosa uzito mbele, na nyuma ilikosa kitu cha kushikwa na upepo."

Huo ndio msingi wa uthabiti wa kitu chochote kinachorushwa. Kitovu cha uzito kitangulie, kitovu cha msukumo wa hewa kifuate. Roketi ikiyumba, hewa inausukuma mkia urudi kwenye mstari. Vitovu hivyo vikibadilishana nafasi, yumbo dogo linazaa yumbo kubwa na chombo kinajipindua. Wawindaji waliotia chuma mbele ya mshale na manyoya nyuma walilijua hilo kabla ya hesabu zake kuandikwa. Na hewa haiulizi kama kilichobebwa puani ni kipimajoto au baruti.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Nilipomsimulia jirani yangu, mwalimu mstaafu, jinsi ninavyotamani kitivo cha uhandisi (Polytechnique) cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pale Kasapa, kiwe na somo kamili la roketi, alikataa papo hapo. Nchi kama Kongo, yenye vita mashariki, alisema, isiwafundishe vijana wake kurusha vitu.

Hoja yake ina uzito, na historia inamuunga mkono. Wajerumani wa Peenemünde, kituo chao cha makombora wakati wa Vita Kuu ya Pili, walifunga vielelezo vidogo ndani ya bomba la upepo unaopita kasi ya sauti, wakapima mapezi kwa subira ya kweli ya kisayansi. Kilichotoka humo ni kombora la V-2, lililoangukia London na Antwerp, bandari ileile iliyokuwa ikipokea shaba yetu ya Katanga. Maelfu ya wafungwa walikufa wakiyatengeneza makombora hayo katika mahandaki ya kambi ya Dora. Hata India, ambayo wengi tunaisifu, ilianza na roketi ya kuchunguza anga pale Thumba mwaka 1963, ikapeleka satelaiti kwa roketi yake yenyewe mwaka 1980, na mwaka 1989 ikajaribu kombora la Agni, ambalo hatua yake ya kwanza ilitokana na roketi hiyohiyo ya satelaiti. Mtu akisema njia hiyo ina mteremko, hadanganyi.

Lakini sisi wa Katanga tuna kisa chetu, na nadhani ndicho kinachopaswa kutuongoza. Katikati ya miaka ya 1970 rais Mobutu aliikodishia kampuni ya roketi ya Kijerumani OTRAG, ya Lutz Kayser, eneo la kaskazini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 100,000, karibu mara nne ya Rwanda. Mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Kurt Debus, aliyefanya kazi Peenemünde na baadaye akaongoza kituo cha Kennedy cha kurushia roketi cha Marekani. Walirusha roketi mwaka 1977, wakarusha tena Mei 1978, mwezi uleule mji wa Kolwezi ulipokuwa unateketea kwa vita. Juni 1978 Mobutu mwenyewe alikuja kutazama. Roketi ilipanda, ikapoteza mwelekeo, ikaanguka mbele ya macho yake. Muungano wa Kisovieti ulikuwa ukipiga kelele kwamba hayo ni makombora ya vita yaliyofichwa, na mwaka 1979 mradi ukafungwa. Kampuni ikahamia Libya ya Gaddafi, jambo ambalo halikuipunguzia shaka.

Wengi wanabishana kama zilikuwa za satelaiti au za vita. Mimi linaloniuma ni jingine. Ardhi ilikuwa yetu na hatari ilikuwa juu ya vijiji vyetu, lakini maarifa yalipanda ndege na wenyewe. Hapa Lubumbashi sijaona maabara wala darasa lililobaki kutokana na miaka ile. Ni kama mgodi wa Shinkolobwe: madini ya urani yaliyotoka hapo karibu na Likasi yakaingia katika bomu la Hiroshima, na waliochimba hawakuambiwa wanachimba nini. Kutojua hakukutukinga na lolote.

Na kuna sababu nyingine, ambayo jirani yangu mwalimu alinyamaza aliposikia. Tarehe 3 Mei 2024 makombora yaliangukia kambi za wakimbizi upande wa Mugunga, pembeni mwa Goma, yakaua zaidi ya watu 15, wengi wao watoto. Kila upande wa vita ulimnyooshea mwenzake kidole. Shimo la kombora lina mdomo na mkia. Vipande vya mapezi na pembe ya kuingia ardhini hueleza limetoka wapi. Ni hesabu zilezile za chupa ya Katuba, zikisomwa kinyumenyume. Nataka awepo Mkongomani anayeweza kusimama juu ya shimo hilo, apime na aseme, tusingoje wageni waje kutusomea vifo vyetu.

Kwa hiyo mpaka nauweka mahali pengine. Mwaka 1987 mataifa saba yalipokubaliana kudhibiti makombora, yalilenga zaidi vyombo vinavyoweza kubeba kilo 500 hadi kilomita 300. Mapezi na bomba la upepo la mwanafunzi viko mbali mno na hapo. Hatari inaingia pale mitambo ya kulenga shabaha inapoongezwa, pale fedha zinapotoka kwa jeshi na matokeo yanapofungiwa kabatini. Somo liwe wazi, michoro ibandikwe ukutani, mlango usiwe na askari. Mwalimu bado hajakubali yote, na hofu yake kuhusu fedha za jeshi naishiriki kabisa.

Yule kijana amekwisha kuunda bomba lake la upepo: mbao nne, feni ya gari bovu, na upande mmoja wa kioo. Anachoma maganda ya mahindi ili moshi umwonyeshe hewa inavyopita kwenye pezi lililoning'inizwa kwa uzi wa nailoni. Bomba hilo linakaa sebuleni kwa mama yake, na kila usiku linatolewa nje ili wadogo zake wapate pa kulala.