Kabla Mvumbuzi Hajapanda Jukwaani

Mwaka 2006 kituo cha televisheni cha ABC cha Marekani kilianza kurusha kipindi kilichoitwa American Inventor, kilichobuniwa na Simon Cowell, jaji mashuhuri wa mashindano ya uimbaji, akishirikiana na mfanyabiashara Mwingereza Peter Jones. Mpango wake ulifuata ule ule wa mashindano ya uimbaji: usaili katika miji mbalimbali, foleni ndefu, majaji wanne mezani, mchujo, kisha watazamaji kupiga kura. Mshindi aliahidiwa dola milioni 1. Nimevifuatilia vipindi vya namna hii kwa miaka mingi, na kadiri ninavyovitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kumsaili mvumbuzi kwa utaratibu wa mwimbaji ni kumdhulumu, hata pale anaposhinda.

Mwimbaji akikataliwa na majaji huondoka na sauti yake. Kesho ataimba ukumbi mwingine, na hakuna hata mmoja kati ya waliomsikiliza atakayeamka asubuhi akiwa na koo lake. Mvumbuzi anapofungua begi lake mbele ya kamera, akaeleza kifaa chake kinafanyaje kazi na kwa nini hakijawahi kutengenezwa, anakuwa ametoa kitu ambacho hawezi kukirudisha. Sheria ya hataza (patent), yaani haki ya kipekee anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, katika nchi nyingi inadai kwamba uvumbuzi uwe mpya siku maombi yanapowasilishwa, na kitu kilichokwisha kuoneshwa kwa umma, hata na mwenyewe, si kipya tena. Katika nchi za Ulaya kanuni hii ni kali sana, na mtu aliyetangaza uvumbuzi wake kwenye televisheni kabla ya kuwasilisha maombi huwa amejifungia mlango kwa mkono wake. Marekani humpa mvumbuzi nafasi ya miezi 12 baada ya kujitangaza, na sheria ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inatoa muda kama huo. Hata hivyo nafasi hiyo haivuki mpaka. Kijana wa Nairobi anayeonesha mtambo wake kwenye kipindi kinachopatikana pia mtandaoni anaweza kubaki na haki yake nyumbani huku akiipoteza Ujerumani, Ufaransa na Uingereza usiku ule ule.

Kinachoniuma ni kwamba kinga ipo. Chini ya Mkataba wa Paris, ambao Kenya na Tanzania zote ni wanachama, mtu anayewasilisha maombi kwanza katika nchi yake hupata miezi 12 ya kuwasilisha maombi hayo hayo katika nchi nyingine wanachama, na tarehe ile ya kwanza huhesabika huko kote. Kwa maneno mengine, mvumbuzi aliyepita kwanza katika ofisi ya KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili hataza, jijini Nairobi, au BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, jijini Dar es Salaam, anaweza kupanda jukwaani bila hofu hiyo. Tofauti kati ya aliyelindwa na asiyelindwa inaweza kuwa wiki moja tu ya kupanga mambo kwa utaratibu, lakini hiyo wiki lazima itangulie usaili.

Hata aliyejilinda bado ana kazi. Mwaka 2006 Mwingereza Rob Law alikwenda kwenye Dragons' Den, kipindi cha BBC ambamo wafanyabiashara huwaomba wawekezaji mtaji, na sanduku la safari la watoto linaloitwa Trunki, ambalo mtoto hulipanda na kuvutwa kwa mkanda. Alitaka pauni 100,000 kwa asilimia 10 ya kampuni. Mmoja wa wawekezaji, Theo Paphitis, aliuvuta mkanda ule kwa nguvu mpaka ukachomoka, na tukio hilo la sekunde chache likawa ndilo watu walilolikumbuka. Law aliondoka bila mkataba, kisha akauza masanduku hayo kwa mamilioni duniani. Watu wengi husimulia habari hii na kuishia hapo, kwamba waliomkataa waliaibika. Mimi huiendeleza mpaka mwaka 2016, pale Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoamua kwamba kampuni nyingine iliyokuwa ikiuza sanduku la kupandwa la watoto haikuvunja haki yake ya umbo lililosajiliwa. Law alikuwa amesajili umbo lake mapema, lakini michoro aliyowasilisha ilionesha mambo mahususi, na mahakama ikaeleza kwamba usajili wa aina hiyo unalinda umbo lenyewe na wala haulindi wazo la kumpandisha mtoto juu ya sanduku. Kama mtu mwangalifu kiasi hicho alishindwa kwa sababu ya namna michoro yake ilivyochorwa, wale wanaofika kwenye usaili na kifaa mkononi bila karatasi yoyote wana hali gani?

Narudi kwenye American Inventor, kwa sababu msimu wake wa kwanza ndio unaoonesha vizuri zaidi kasoro ya pili, ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza. Mshindi alikuwa Janusz Liberkowski, mhandisi mzaliwa wa Poland aliyekuwa akiishi California. Alikuwa amempoteza binti yake katika ajali ya gari, na kutokana na msiba huo akabuni kiti cha gari cha mtoto mchanga chenye umbo la tufe ndani ya tufe, ili gari linapogongwa sehemu ya ndani izunguke na mtoto apokee kishindo kwa mgongo wake wote, si kwa shingo. Alikiita kwa jina la binti yake. Ni wazo zito, na sijawahi kulifikiria bila kumheshimu mzee yule. Lakini angalia alivyopimwa. Katika fainali alishindanishwa na watu waliokuja na vitu visivyolingana na chake hata kidogo, mmojawapo mchezo wa maneno na mwingine baiskeli, na walioamua ni watazamaji waliopiga kura. Hakuna mtazamaji anayeweza kujua akiwa sebuleni kwake kama kiti cha mtoto kinaokoa maisha. Jambo hilo hujulikana katika maabara za majaribio ya ajali, kwa vipimo vinavyorudiwa tena na tena na kwa viwango vya serikali. Kura ile ilipima huzuni ya baba, nayo ilikuwa ya kweli kabisa, ila haikuweza kuwa cheti cha usalama. Alipata fedha alizoahidiwa, lakini kiti chake hakikuwa bidhaa ya kawaida madukani.

Katika msimu huo huo alikuwapo mtu mwingine, ambaye sitamtaja jina, aliyebuni mchezo wa kurushiana mpira mdogo juu ya meza ya duara. Aliwaambia majaji kwamba ametumia zaidi ya miaka 20 na karibu kila alichokuwa nacho. Walimkataa. Huenda walikuwa sahihi kuhusu mchezo. Ila kumwambia mtu wa namna hiyo ukweli ni kazi ya faragha, inayofanywa na mshauri aliyeketi naye akaichunguza hesabu yake, na wala haikustahili kuwa burudani ya familia baada ya chakula cha jioni. Video ile bado inazunguka mtandaoni, na watu wasiomjua bado wanaicheka.

Mikataba nayo isomwe. Shark Tank, kipindi cha Marekani cha kutafuta wawekezaji kilichoanza mwaka 2009, kwa miaka yake ya mwanzo kilikuwa na kifungu kilichowapa waandaaji asilimia 5 ya kampuni au asilimia 2 ya faida ya kila aliyetokea, awe amepata mwekezaji au hakupata. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 2013 baada ya Mark Cuban, mmoja wa wawekezaji wenyewe, kugoma kuendelea nacho. Haikuwa serikali wala chama cha wavumbuzi kilichowatetea, bali tajiri aliyekuwa na nguvu ya kuondoka.

Vipindi hivi vimeshafika kwetu. Kenya ilipata KCB Lions' Den mwaka 2016, na sioni ubaya kwa mwenye duka la nguo au kampuni ya vyakula kwenda kutafuta mtaji hadharani, kwani biashara ya aina hiyo haina siri ya kiufundi ya kupoteza. Hofu yangu ni kwa wenye vifaa. Mfikirie Askwar Hilonga wa Arusha, aliyebuni chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na chembechembe ndogo mno zinazonasa uchafu mahususi, yakiwemo madini ya floridi yanayoharibu meno na mifupa ya watu wa mikoa ile. Floridi haina rangi. Ukiweka mbele ya kamera glasi mbili, moja ya maji yaliyochujwa na nyingine ya yale ambayo hayajachujwa, mtazamaji haoni chochote cha kumshangaza. Kwa bahati njema Hilonga alipita njia nyingine: mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya Africa Prize ya taasisi ya wahandisi ya Uingereza, Royal Academy of Engineering, yenye thamani ya pauni 25,000, ambayo washindani wake hupewa miezi kadhaa ya mafunzo na ushauri kabla ya kusimama mbele ya majaji, tena majaji wanaojua uhandisi.

Kituo chochote cha Afrika Mashariki kinachotaka kuwasaili wavumbuzi kingeweza kuiga mpangilio huo bila kupoteza watazamaji. Kimlipie kila aliyechaguliwa ada ya maombi ya hataza, na kisirekodi hata dakika moja mpaka risiti ya maombi iwe mkononi. Kifaa kinachohusu afya, maji au usalama kipimwe kwanza katika maabara ya chuo kikuu, na majibu ya maabara yaoneshwe kwenye kipindi, kwa kuwa nayo yana msisimko wake. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi pamoja na jina la mhandisi anayeweza kumsaidia, na awe na haki ya kuzuia picha zake zisirushwe.