Mzee wa Barrow aliyenunia jina la nyambizi

Januari 2025 mzee mmoja ninayemhudumia hapa Barrow-in-Furness, mji wa Uingereza unaounda nyambizi, alinuna siku mbili. Chai hataki, televisheni hataki. Amechomelea vyuma vya nyambizi tangu ujana wake, na wiki hiyo ilitangazwa kwamba nyambizi ya saba ya aina ya Astute, iliyokuwa iitwe Agincourt, sasa itaitwa Achilles. Magazeti yakadai ni kuwastahi Wafaransa, maana Agincourt ndiko walikopigwa na Waingereza mwaka 1415. Jeshi la majini likasema Achilles linafaa katika mwaka wa 80 tangu Vita vya Pili kuisha, kwa kuwa meli ya jina hilo ilipigana mwaka 1939 kwenye mdomo wa mto La Plata. Mzee hakutaka la huyu wala la yule. Kwake jina likishatajwa mbele ya mafundi, chombo kimeshalisikia.

Mimi mtoto wa Likoni, Mombasa, nilisimama pale na kikombe mkononi, nikaona wivu.

Najua mtakavyosema. Ameenda Ulaya juzi tu, leo anatusifia vyombo vya kuulia watu. Sisifii vita. Na kwa faida ya mjomba wangu, aliyeniuliza kama nalala karibu na bomu: hizi za mashambulizi huitwa za nyuklia kwa sababu ya injini. Silaha zake ni topido na makombora ya kawaida. Kinu kilichomo ndani kinatiwa fueli mara moja na kuendesha chombo cha mita 97 kwa miaka 25. Zinaundwa ndani ya banda linaloonekana kila pembe ya mji huu, kama vile ukiwa Likoni huwezi kukwepa kuziona kreni za bandari ya Kilindini.

Lakini kilichonishika ni majina. Kuna kijana wa miaka saba hivi, hukutana naye kituo cha basi, anayataja kama anayesoma juzuu: Astute, Ambush, Artful, Audacious, Anson, Agamemnon. Yote yanaanza na A, na karibu yote yana wazee waliotangulia. Astute, Ambush na Artful zilikuwa nyambizi za miaka ya 1940. Agamemnon ilikuwa meli ya matanga aliyoiongoza Nelson, shujaa wa majini wa Waingereza. Chombo kikizeeka kinavunjwa, jina linawekwa kando likisubiri mwili mwingine.

Wamarekani nao wana mambo yao. Zamani nyambizi zao waliziita kwa samaki. Ikaja aina ya Los Angeles, wakahamia majina ya miji, na inasemekana Admirali Rickover, mkuu wa nyambizi zao za nyuklia, alitoa sababu waziwazi: samaki hawapigi kura. Zikaja za Virginia, yakawa majimbo. Sasa baadhi ya hizo za Virginia zinarudishiwa samaki: Barb, Tang, Wahoo. Tang ya zamani ilizama mwaka 1944 kwa topido yake yenyewe iliyogeuka ikarudi kuipiga. Hawakulikimbia jina. Wamelibeba tena.

Na msiniambie sisi hatujui kuita. Siku mzee alipotulia aliniuliza vyombo vya kwetu vinaitwaje, nikamtajia vya Mtongwe, kambi ya wanamaji wa Kenya, kifua mbele. Simba, Chui na Ndovu, vilivyokuja mwaka 1966 jeshi letu la majini likiwa changa. Baadaye Mamba. Halafu Madaraka, Jamhuri na Harambee. Halafu, enzi za Rais Moi, Nyayo na Umoja, na hapo sina haja ya kuwaeleza upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi. Halafu mito, Tana na Galana. Halafu Shujaa, Jasiri, Shupavu. Nilipokuwa namfasiria nilisisimka mwili. Shupavu! Lugha gani nyingine inakupa neno kama hilo la kuandika ubavuni mwa manowari?

Akaniuliza: na huyo Shujaa wa kabla ya huyu alikuwa chombo gani?

Sikuwa na jibu. Nikampigia ndugu yangu Mombasa, akanicheka, akaniuliza kama huko sina kazi. Hapo ndipo ninapokereka, ndugu zangu. Kwetu jina ni la mkubwa aliyepo au la siku ya sherehe, na mara nyingi likishapita limepita. Mlango mmoja wa bahari, Harambee ni manowari na Harambee ni feri, Nyayo ni manowari na Nyayo ni feri, na hakuna aliyeona tatizo. Kilindini Road, jina lililokwambia barabara inakupeleka wapi, likawa Moi Avenue. Na ile feri ya Mtongwe iliyozama Aprili 1994 na watu 272 wakafa, waulize vijana wanaovuka leo Likoni wakitazama simu. Mtu anayeijua siku hiyo ana maiti yake ndani ya ile hesabu. Wengine wanasikia kwangu.

Mtasema hela hakuna, feri yenyewe inakwama na watu ndani, wewe walilia jina. Hela gani inayohitajika kuandika kwenye daftari kwamba chombo hiki kiliitwa hivi, kilihudumu miaka kadhaa, na jina lake tunalihifadhi? Mafundi wa majahazi walifanya bila ofisi. Nahodha akiunda chombo kipya akakipa jina la kile cha baba yake, na pwani nzima ikajua ukoo wa kile chombo.

Wala sijawa Mzungu. Ningekuwa Mzungu nisingekasirika.

Basi nimemwandikia mzee orodha ya majina ambayo mimi ningeyatoa: Papa, Mzia, Nduaro, Chewa, Kolekole, Mkunga. Mzia ndiye barakuda, na Wafaransa mradi wao mzima wa nyambizi mpya wameuita Barracuda, kwa hiyo tusione haya ya samaki. Ameibandika ukutani karibu na picha ya uzinduzi wa Astute. Nduaro amelipenda, ingawa analitamka vibaya, na kila nikiingia na dawa za asubuhi ananiuliza kama nimeshampata aliyelitangulia.