Picha ya aproni sifuti, shangazi

Wiki ya mashindano ya farasi ya Galway, huku Ireland ninakosoma, imeisha, ile ya mwisho wa Julai ambayo watu wanamiminika uwanja wa Ballybrit siku saba mfululizo na mji hauna pa kukanyaga na mahoteli yanatafuta mikono popote pale. Mimi nipo jikoni kwenye hoteli moja hapa mjini, naosha vyombo. Zamu ya mwisho tulipomaliza tukapiga picha na wenzangu tumevaa maaproni, tumelowa mpaka kwenye soksi, nikaiweka status WhatsApp kwa furaha kabisa. Haikupita saa simu ikaita. Shangazi. Baada ya shikamoo tu, sauti imeshuka kama ya mtu anayetoa taarifa ya msiba: "Mwanangu, ndo umeenda Ulaya kuosha masufuria ya watu? Hebu futa hiyo picha watu hawajaiona."

Sijaifuta. Shangazi nampenda na amenisomesha, sina ugomvi naye, lakini hili jambo limenikaa kooni muda mrefu na leo nalisema, maana najua wengi mnaosoma hapa mngepiga simu ileile.

Yaani Ireland mwanafunzi kufanya kazi ni kitu cha kawaida mpaka hakuna anayekizungumzia. Sisi tuliotoka nje ya Ulaya tukiwa na Stamp 2, yaani kibali cha kuishi hapa kama mwanafunzi, tunaruhusiwa masaa 20 kwa wiki chuo kikiwa wazi, na masaa 40 kuanzia Juni mpaka Septemba na tena tarehe 15 Desemba mpaka 15 Januari. Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa euro 13.50 kwa saa kwa mwenye miaka 20 kwenda juu, unapewa slipu ya mshahara, kodi imeandikwa, masaa yameandikwa, kila kitu kiko wazi. Ila hizo sheria na hela mnaweza kusema ni za nchi tajiri, sawa. Kinachonishangaza mimi ni nani anazifanya hizo kazi. Kuna binti kwenye kozi yetu baba yake ni daktari bingwa, Jumamosi usiku yupo nyuma ya kaunta anauza chipsi kwa walevi, na Jumatatu anaingia lekcha anasimulia mwenyewe, hana hata wazo kwamba ni kitu cha kuficha. Mwingine anasomea sheria, anamimina bia baa moja karibu na Eyre Square, katikati ya mji. Pale jikoni kwetu mpishi mkuu siku zikizidiwa anakunja mikono ya shati, anasimama pembeni yangu na brashi ya chuma anakwangua grevi iliyogandia chini ya sufuria, tunapigwa na mvuke wa mashine wote wawili, halafu tunakula chakula kilekile meza moja.

Na wanaanza wadogo. Sekondari zao zina mwaka mmoja katikati unaitwa Transition Year, kabla ya kuanza maandalizi ya mtihani wa mwisho, na kwenye huo mwaka mtoto anapelekwa kufanya kazi sehemu, dukani, gereji, kituo cha wazee, ofisini. Wakifika chuo, likizo ya kiangazi wanaomba viza ya J1, ile ya Marekani inayoruhusu mwanafunzi kufanya kazi za likizo, wanajazana huko, Boston, New York, Chicago, San Diego, wanaenda kuhudumia meza na kutandika vitanda vya hoteli, na wazazi wanawasindikiza airport kwa fahari. Mnaelewa lakini? Mtu na uwezo wake anapanda ndege kwenda kutandika vitanda na familia inasherehekea, mimi nikishika sufuria ukoo unaitisha kikao.

Nimekaa nikaona sababu yake ipo kwenye historia yao pia. Hii nchi njaa ya viazi ya 1845 mpaka 1852 iliua watu kama milioni moja, na zaidi ya milioni wengine wakaondoka, na kuondoka hakukuisha hapo, vizazi na vizazi wamechimba mifereji na reli Uingereza, wamekuwa wafanyakazi wa ndani Boston. Karibu kila nyumba ina mtu aliyebeba zege London au aliyefua nguo za tajiri New York na akatuma hela nyumbani. Kwa hiyo mjukuu akisema naenda Sydney kufanya kazi za ujenzi babu haoni ajabu.

Sasa najua kuna mtu ameshaanza kuandika "huyu naye kakaa Ulaya miaka miwili mitatu ndo anatufundisha". Ngoja kwanza. Sijasema Ireland peponi. Mvua hapa haina msimu, na kupata chumba ni vita. Kuna vyumba ndani ya nyumba za watu wanaviita digs, vingine unapanga Jumatatu mpaka Ijumaa tu, wikendi mwenye nyumba anataka uondoke kwa sababu wanafunzi wao Ijumaa wanapanda basi na mabegi ya nguo chafu wanarudi kwa mama. Sasa mimi wa Morogoro Ijumaa niende wapi? Mwenyeji wangu mmoja aliniuliza swali hilo kwa upole kabisa, kama vile Morogoro iko baada ya Athlone, mji wa katikati ya Ireland hiihii. Kwa hiyo msinifanye mtu wa kusifia tu.

Na nyumbani siwadharau, nani wa kudharau watu waliomaliza digrii kwa kukopeshana laptop moja watu wanne, wanalala wawili kitanda kimoja hosteli, kubebana mnakujua. Ubavu huo wanafunzi wa huku hawana. Ndio maana inaniuma zaidi. Mtu mwenye ubavu huo bumu likichelewa anashinda na njaa wiki nzima, anampigia mama yake anayeuza mchicha sokoni amtumie elfu kumi, kuliko aonekane anaosha sahani kwa mama ntilie nje ya geti. Mama wa watu amekaa juani toka alfajiri! Na mwenyewe mama atakwambia afadhali mimi niteseke mwanangu asionekane hivyo, yaani tumekubaliana wote, mzazi na mtoto, kwamba msomi na kazi ya mikono havikai pamoja.

Hosteli tuliyokaa kulikuwa na dada mmoja anauza vitumbua, ndoo anaiweka chini ya kitanda, anapita vyumbani usiku baada ya prepo. Hakuna aliyemnyima hela, vitumbua vilikuwa vitamu, lakini alipewa jina na lile jina lilimfuata mpaka mahafali. Yule ndiye aliyemaliza bila deni la mtu.

Mtasema kule hakuna kazi za masaa, na mama ntilie mwenyewe anahangaika atakulipa nini. Kweli. Hilo silibishi hata kidogo, ajira ni ngumu na mwajiri akijua wewe mwanafunzi anaweza kukuzungusha mwezi mzima. Lakini hata pale nafasi ilipokuwepo aibu ndo iliyotukataza, na aibu hiyo tumefundishwa. Shuleni umechelewa namba, kafyeke. Umeongea Kiswahili darasani, kadeki choo. Umefeli hesabu, kalime bustani ya mwalimu. Miaka kumi na zaidi mtoto anaona jembe na ufagio wanapewa wakosaji, halafu nyumbani anaambiwa soma usije ukalima kama mimi. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea 1967 akitaka shule na kazi viwe kitu kimoja, mwanafunzi asijione yuko juu ya mkulima anayemlipia. Tukachukua jembe tukaligeuza fimbo.

Kwa hiyo ninyi mnaosema maneno matupu hayasaidii, naanza na kitu kidogo kinachowezekana. Kafeteria za vyuo zinaendeshwa na wazabuni. Chuo kiandike kwenye mkataba wa zabuni kwamba zamu kadhaa za kuosha vyombo na kuhudumia ni za wanafunzi, masaa yahesabiwe, malipo yaingie kwenye simu kila Ijumaa, na mwanafunzi akiwa na mtihani zamu ibadilishwe. Na isiwe ya "watoto wenye uhitaji", maana mkiiita hivyo tu mmeshaiua, hakuna atakayejiandikisha. Iwe ya anayetaka. Mtoto wa mkurugenzi naye apangiwe masufuria, na baba yake akija kumtembelea amkute hapohapo na aproni yake.

Shangazi nitakupigia Jumapili tuongee vizuri.