Jeshi jipya la visanamu: jicho linatosha, au lazima kuwe na swali?

Sisi wachache tunaocheza vita vya mezani Arusha na Moshi tuna mjadala mmoja usiokwisha: ni sababu gani inatosha kumfanya mtu aanze jeshi jipya? Kwa asiyeujua mchezo huu, jeshi ni kundi la visanamu, vingi vikiwa na urefu wa milimita 28 hivi, ambavyo mchezaji hununua vikiwa vipande, akavigandisha kwa gundi, akavipaka rangi kimoja kimoja, kisha akavipanga mezani dhidi ya jeshi la mwenzake. Hatua hupimwa kwa futi kamba na matokeo ya mapigano huamuliwa kwa dadu. Jeshi moja linaweza kumla mtu miezi ya jioni zake, na hela ambayo nyumbani ina kazi nyingine za kufanya. Ndiyo maana swali la kuanza lina uzito.

Upande wa kwanza unasema jicho linatosha. Umekiona kisanamu, moyo umekipenda, anza. Nimewahi kuidharau hoja hii, lakini kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyoona ina nguvu. Tuchukulie jeshi la visanamu 60, kila kimoja kikihitaji saa moja tu, ambayo ni kasi ya mtu mwenye mkono mwepesi. Hizo ni saa 60 za kuinamia taa na brashi nyembamba. Anayechora kitu asichofurahia kukitazama hafiki kisanamu cha ishirini. Faida za kimchezo hazimfikishi, na ushauri wa rafiki aliyemwambia kwamba jeshi hilo linashinda sana haumfikishi pia. Kinachomrudisha mezani baada ya kazi ni hamu ya kuona lile koti jekundu au lile deraya la shaba likikamilika.

Upande huu una hoja ya pili, nayo ni ya amani. Katika ulimwengu wa kubuni kama wa Warhammer 40,000, mchezo maarufu wa vita vya angani, hakuna babu wa mtu aliyeuawa. Kijana wa Sakina na kijana wa Majengo wanaweza kukaa meza moja, mmoja na wanajeshi wake wa angani na mwingine na mazimwi yake, wakauana siku nzima bila kugusa kidonda cha ukoo wowote. Tena jeshi la mchezo maarufu ni pasi ya kusafiria: popote penye wachezaji, utakuta mtu anayezijua kanuni zako.

Hata hivyo, kabla ya kulikabidhi jicho uamuzi wote, tuulize nani analiwasha. Kampuni ya Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975 na ambayo makao yake makuu leo yako Nottingham, ilitoa toleo la nane la Warhammer 40,000 mwaka 2017, la tisa mwaka 2020 na la kumi mwaka 2023. Kila toleo lilikuja na boksi kubwa lenye majeshi mawili mapya kabisa, yaliyochongwa kwa ustadi wa hali ya juu na kupigwa picha kwa ustadi uleule. Hakuna ubaya wowote hapo, ni biashara nzuri ya watu wanaoipenda kazi yao. Lakini mtu anayedhani ameamua mwenyewe kuanza jeshi jipya kila baada ya miaka mitatu hana budi kuitazama hiyo kalenda.

Kalenda hiyo inaweza pia kukuacha njiani. Mwaka 2015 kampuni hiyo iliufunga mchezo wake wa njozi, uliokuwapo tangu 1983, ikaweka Age of Sigmar mahali pake. Watu waliokuwa na majeshi yaliyopangwa safu kwa safu wakabaki na visanamu visivyo na kanuni hai za vita vya safu mpaka mwaka 2024, mchezo ule wa zamani uliporudi kwa sura ya The Old World. Mchezaji wa Uingereza aliweza kuuza alichonacho Jumamosi moja akanunua kingine. Kwetu mzigo unasafiri mbali, unakutana na ushuru na VAT ya asilimia 18, na ukitaka kuuza, wanunuzi wa kisanamu cha mitumba ni haohao watu wachache unaocheza nao. Uamuzi wa jicho ambao kule ni mwepesi, huku ni mzito.

Kwa hiyo mimi niko upande wa pili. Jeshi linalostahili kuanzwa Arusha au Moshi ni lile lililoanza na swali, na bahati yetu ni kwamba maswali yamelala barabarani.

Chukua Longido. Anayekwenda Namanga anaupita mlima ule akiwaza mpaka na foleni ya malori. Tarehe 3 Novemba 1914, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, kikosi cha Uingereza, wengi wao wakiwa askari wa Kihindi wa 29th Punjabis, pamoja na walowezi wapanda farasi kutoka Afrika Mashariki ya Waingereza, kilipanda mlima huo kuwashambulia Wajerumani na askari wao. Hadi jioni Waingereza walikuwa wamerudi nyuma. Baghala waliobeba maji yao, yaani wale wanyama wanaozaliwa na punda na farasi, walikuwa wamepotea, na anayeujua ukavu wa Longido haelezwi zaidi. Siku zilezile, kuanzia tarehe 2 hadi 5, kikosi kingine cha Waingereza cha watu wapatao 8,000 kilikuwa kinateremka Tanga, ambako kilishindwa na watetezi wapatao 1,000. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwapata wengi wa watetezi hao kwa kuwapakia kwenye treni Moshi na kuwateremsha hadi pwani.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Wewe ni kamanda uliyeko Moshi. Adui yuko Longido, na adui mkubwa zaidi yuko Tanga. Una reli moja. Unapakia kombania ngapi kwenye mabehewa, na unaacha ngapi kuulinda mlima? Swali hili linaweza kuchezwa jioni kumi mfululizo na kila mara likatoa jibu tofauti. Kinachonivutia zaidi ni kwamba lenyewe linakuandikia orodha ya visanamu vya kununua. Jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki mwaka 1914 lilikuwa na kombania 14 za askari, jumla ya askari wapatao 2,500. Kombania ya watu 160, ukifanya kisanamu kimoja kiwakilishe watu kumi, ni visanamu 16 na bunduki ya rashasha au mbili. Kombania tatu na Wapunjabi wa kupambana nazo vinakutosha kwa Longido, na hununui kisichohitajika.

Swali linazaa maswali. Kwa nini askari wale walionekana kwa urahisi walipofyatua? Kwa sababu kombania nyingi bado zilibeba Mauser ya mwaka 1871, iliyotumia baruti nyeusi, hivyo kila risasi iliacha wingu jeupe juu ya kichaka. Basi kanuni zako zinahitaji kipengele cha moshi wa bunduki, na pamba kidogo ya kuuonyesha mezani. Ukisogea mbele hadi Machi 1916, Waingereza wameshika Moshi na mapigano yamefika Kahe, unakutana na mzinga mzito wa meli ya kivita Königsberg. Meli hiyo ilizamishwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915, mizinga yake ikaopolewa na kukokotwa nchi kavu. Mzinga wa meli karibu na mashamba ya Kahe! Nionyeshe ulimwengu wa kubuni wenye jambo la ajabu kuliko hilo.

Sasa hoja inayopinga, na hii si ya kupita juujuu. Ukianza jeshi la 1914, unakusanya jeshi la nani? Hao ni Wanyamwezi, Wasukuma, Wasudani na wengineo waliobeba bunduki ya Mjerumani, baadhi wakiwa walewale waliotumika kuzima Maji Maji kati ya 1905 na 1907. Upande wa pili ni Dola ya Uingereza. Hakuna upande wa kumshangilia. Visanamu vyenyewe pia vina tatizo. Mkusanyo unaojulikana zaidi wa enzi za ukoloni Afrika, ule wa kampuni ya Foundry, unaitwa Darkest Africa, na jina hilo linakuonyesha mchongaji alisimama upande gani wa kamera. Utapata mvumbuzi mwenye kofia ya jua katika mikao mingi. Mchagga wa kizazi cha Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, hutampata, itabidi umtengeneze mwenyewe kwa kisu na gundi.

Nimemtaja Meli, na huko ndiko kidonda kilipo. Wajerumani walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 wasimamizi wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa enzi hizo vimelingana na vya jamaa walio hai hapa Tanzania. La Meli halikuwa miongoni mwao. Ukoo unaosubiri mabaki ya mtu wake una haki ya kumuuliza mchezaji: unacheza nini na huyu? Kuna mwenzetu wa Moshi anayeshikilia kwamba mtu hachezi juu ya kaburi ambalo bado halina maiti. Sina jibu la kumnyamazisha, na sitaki kumnyamazisha.

Ninachokubaliana naye ni hiki: mnyongo hauchezwi. Kijiji kinachochomwa hakichezwi pia, wala msafara wa watu waliotekwa. Pale ambapo upande mmoja hauna uamuzi wowote wa kufanya hakuna mchezo, kuna ukatili tu uliowekewa dadu. Tunakotofautiana ni juu ya mwaka 1892, watu wa Meli walipolirudisha nyuma jeshi la Wajerumani na kamanda wake, von Bülow, akafa kwa majeraha. Watoto wengi wa Moshi wanaujua mti wa kunyongea na hawazijui mbinu za vita vile. Mezani, atakayekaa upande wa Meli atalazimika kuwaza kama Meli: migomba hii inaficha watu wangapi, mfereji huu unavukwa wapi, nifyatue lini. Kumfikiria mtu kama jemadari ni heshima ambayo mti peke yake haumpi. Ila anayetaka kuanza jeshi hilo aende kwanza kwa wazee wa Old Moshi, aulize walivaa nini, walibeba nini, na kama wanaridhia. Wakikataa, aache.

Na kuna wapagazi. Makadirio ya waliokufa upande wa Waingereza peke yao katika ile Vita ya Kwanza ya Dunia yanakaribia watu laki moja, wengi kwa njaa na magonjwa. Majeshi mengi ya mezani hayana hata kisanamu kimoja chao, kwa sababu jicho halikipendi kisanamu cha mtu aliyebeba gunia. Huu ndio udhaifu mkubwa wa kuliachia jicho kazi yote: linachagua bunduki na kuacha mgongo ulioibeba. Mimi ninasema asiyekuwa tayari kupaka rangi wapagazi asianze jeshi la 1914. Wawekwe mezani, na kanuni ziseme wazi kwamba wakiisha, maji na risasi vimeisha.

Gharama ya njia hii naikiri. Anayechagua historia ya huku lazima atengeneze pande zote mbili mwenyewe, maana hatampata mpinzani mwenye Wapunjabi kabatini. Kazi ni mara mbili. Lakini kwa mji wenye wachezaji wachache ni faida pia: mgeni anafika mikono mitupu, anachagua upande, anacheza. Visanamu vya milimita 15 au 6 hupunguza bei na saa za brashi, na mwenye rafiki mwenye printa ya 3D anaweza kuepuka safari ya kifurushi, mradi avae glavu na afungue madirisha, kwa kuwa resini mbichi, ile plastiki ya majimaji ya printa, ni sumu kwa ngozi. Vanishi ya kupuliza iachwe mpaka masika yapite, unyevu huifanya iwe na ukungu mweupe na kuharibu kazi ya wiki nzima. Vitako, yaani vibao vidogo ambavyo visanamu husimamia, usivinunulie kitu: chukua udongo wa Longido, uchekeche, uukaushe motoni, uugandishe.

Je, jicho litupwe? Hapana. Swali bila jicho ni daftari la historia lisilofika mezani, na nimeona orodha nzuri sana za vikosi zikibaki orodha. Ninachopendekeza ni mpangilio: andika swali kwenye karatasi kwanza, kisha ulipatie jicho ruhusa ya kuchagua kati ya majeshi yanayolijibu. Kwa swali la reli ya Moshi, jicho langu limechagua Wapunjabi kwa ajili ya vilemba vyao, na baghala wa maji nitawapaka rangi kabla yao.