Mtoto Akichagua Chuo cha Bei Nafuu, Apewe Fungu Lake

Kaka yangu alijua kuwa baba ameuza mashua kwa kuona maji matupu. Alikuwa amerudi kwetu Amu, yaani Lamu, likizo kutoka Nairobi, kashuka boti ya kuvuka kutoka Mokowe, upande wa bara, kapita ukingoni na begi lake mpaka pale Langoni ilipokuwa ikitia nanga tangu tuko wadogo. Alisimama pale kitambo. Alipofika nyumbani mama alimtengea mahamri na mbaazi, akala, akanawa, na hakuna aliyetaja mashua, si siku ile wala mwaka ule. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nimekaa kwenye ngazi za kwenda darini, namtazama anavyokula bila kuinua uso.

Ilikuwa hivi. Serikali ilikuwa imempangia ualimu, na wakati ule mwanafunzi aliyepangiwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 tu kwa mwaka, tena akiweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Yeye alitaka biashara, na aliitaka Nairobi. Akaingia kwa mlango wa parallel, ule wa wanaojilipia wenyewe, ambako karo ilipita laki moja kwa mwaka kabla hujahesabu chumba, chakula na basi. Baba alimwambia maneno ambayo karibu kila mzazi wa Amu amepata kuyasema: "Wewe soma, mwanangu. Pesa niachie mimi." Ni maneno ya mapenzi. Lakini ndiyo yaliyomfanya kaka yangu achague huku amefungwa macho.

Sasa niko Columbus, jimbo la Ohio, mwaka wa kumi na saba. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, mume wangu anaendesha lori. Siku moja tukikunja shuka, mwenzangu wa zamu, Mmarekani, alinambia kwamba kijana wake ameacha chuo cha binafsi na kuchagua chuo kikuu cha jimbo, na kwamba wazazi wamemwahidi sehemu ya pesa zilizookoka. Nilinyamaza kwa adabu, ila moyoni nilisema: huyu anamhonga mtoto. Usiku ule nilimsimulia dada yangu kwa simu, naye akasema vivyo hivyo. Kwetu mtoto halipwi ili asome.

Leo sisemi tena hivyo, na kilichonigeuza ni barua mbili.

Aprili iliyopita binti yangu alizitandaza juu ya meza ya jikoni. Kwa wasiojua mambo ya huku: bei inayotangazwa na chuo si lazima iwe ndiyo utakayolipa. Familia hujaza fomu ya serikali kuu iitwayo FAFSA, kisha kila chuo huleta barua yake ya kuonyesha msaada kitakaotoa. Chuo chenye bei ya kutisha kinaweza kukupunguzia mpaka kikawa rahisi kuliko cha serikali, kwa hiyo anayelinganisha bei za matangazo anajidanganya. Sisi tulihesabu kilichobaki juu yetu baada ya misaada. Chuo cha binafsi, jimbo jingine, na bweni: dola 31,000 kwa mwaka. Chuo cha jimbo, hapa hapa, akilala nyumbani: dola 14,000. Kwa miaka minne, 124,000 dhidi ya 56,000.

Upande wetu tulikuwa na dola 38,000 kwenye akaunti ya akiba ya elimu, ile wanayoiita 529, na tungeweza kubana 8,000 kila mwaka kutoka kwenye mishahara. Jumla 70,000. Akienda chuo cha jimbo zinabaki 14,000. Akienda kule kwingine zinapungua 54,000.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Mkopo wa serikali kuu kwa mtoto anayetegemea wazazi una mpaka: 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 kwa kila mmoja wa miaka miwili ya mwisho. Jumla 27,000. Basi nusu ya lile pengo ingekuwa deni la binti yangu, na nusu nyingine deni letu sisi, kwa majina yetu, nami nina miaka arobaini na magoti yaliyoanza kulia. Na deni lote hilo lina riba. Najua Waislamu wengi huku huingia humo kwa dharura, na siwahukumu. Hata HELB yetu ina riba ya asilimia 4. Lakini kama mlango mwingine uko wazi, ile si dharura tena.

Binti yangu alichukua kalamu ya bluu, akaandika 54,000, akaizungushia duara mara mbili. Kile chuo alikwenda kukiona mwezi wa Oktoba akarudi anakiota: majengo ya matofali mekundu, bustani, maktaba yenye madirisha marefu. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Ohio: "Mama, hii namba ndiyo bei ya yale madirisha?"

Nilimwambia ndiyo, kwa sababu shahada yenyewe ya uuguzi ilikuwa ile ile, na mtihani wa leseni ni ule ule.

Hatukumwambia achague kipi. Mume wangu alisema hivi tu: hizi 14,000 zikibaki, nusu ni yako siku utakayomaliza, nusu ni ya mdogo wako. Binti yangu aliomba apewe usiku mmoja wa kufikiri. Asubuhi alikuja na jibu, amevimba macho, na jibu lilikuwa chuo cha jimbo. Sitaficha kwamba alilia. Mtoto anayeacha kitu anachokipenda ili nyumba yake isitumbukie kwenye deni ametoa kitu, na aliyetoa anastahili kuonekana kuwa ametoa. Kumwambia "asante, umefanya vizuri" kisha kuzitia zile pesa kwenye mfuko wa matumizi ya nyumbani ni kumpunja.

Wanaosema ni hongo nawakumbusha chuo chetu cha kwanza, kile cha mwalimu wa Kurani, tulichokwenda na juzuu kwapani na senti za mwalimu mkononi kila Alhamisi. Mtoto alipohitimu alitunzwa. Alivishwa kanzu mpya, akapitishwa kwa shangazi na ami na mabibi, kila mmoja akamtilia chochote kiganjani. Hakuna aliyesema mtoto amenunuliwa. Hongo hutolewa gizani ili mtu apindishe haki, na pale mezani kwetu kila namba ilikuwa wazi mbele ya wote wanne. Nakubali kwamba tunzo ya zamani ilikuwa ya kumaliza, si ya kuchagua. Ndiyo maana hii yetu tumeifunga kwenye kumaliza.

Kuna sababu nyingine ya kungoja, ya kihesabu. Ile fomu ya FAFSA huihesabu asilimia 20 ya akiba iliyo kwa jina la mwanafunzi kuwa ni ya kulipia chuo, ilhali kwa akiba ya wazazi haipiti asilimia 5.64. Ukimkabidhi mtoto fungu lake angali anasoma, unaweza kumpunguzia msaada wa mwaka unaofuata. Na fungu lenyewe lisitoke kwenye ile akaunti ya 529, kwa sababu ukitoa pesa humo kwa jambo lisilo la elimu, faida iliyozalishwa hukatwa kodi na adhabu ya asilimia 10 juu yake. Karo itoke huko, tunzo itoke kwenye mshahara.

Si kila kinachofanyika huku nakipenda. Nimeona wazazi wanaomshawishi mtoto kwa pesa aende chuo kisicho na kozi anayoitaka, kisha mwaka wa pili ahame na nusu ya masomo aliyoyafanya yasikubaliwe aendako. Miaka miwili ya chuo cha jamii halafu kuhamia chuo kikuu ni njia nzuri na rahisi sana, ila uhakikishe kwanza, kwa maandishi, kwamba masomo yatapokewa. Na nimeona wazazi wanaohesabu kila senti mpaka mtoto anajiona mgeni aliyepanga kwao. Hilo la pili Amu hulikuti, alhamdulillahi.

Amu tatizo ni jingine. Kule karo ina wenyewe wengi: bangili za bibi, basari ya kaunti, basari ya mbunge, mkopo wa HELB, mjomba aliye Mombasa, mimi niliye Ohio. Tangu mfumo mpya wa serikali wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu ulipokuja mwaka 2023, barua za karo zimekuwa ngumu hata kuzisoma, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo wenyewe unakiuka katiba, kesi ikaendelea kwenye rufaa. Katika vurugu hiyo, mtu akiokoa kitu, kilichookolewa ni cha nani?

Nimelipata swali hilo kwa mpwa wangu, mtoto wa dada. Wenzake walikuwa wakikimbilia vyuo vya binafsi Nairobi. Yeye alichagua diploma ya umeme katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, akilala kwa jamaa zetu Kibokoni. Mimi nilikuwa nimemtengea shilingi 150,000 kwa mwaka, na mwaka wa kwanza alitumia kama 80,000. Nikampigia simu nikamwambia namba zote mbili. Dada yangu alikasirika sana. "Mambo ya watu wazima humwambia mtoto ya nini?" Mtoto mwenyewe ana miaka kumi na tisa na ndevu. Siku mbili baadaye alinipigia: "Mama mdogo, ningejua pesa zenyewe zatoka mfuko gani, vile viatu ningevitia fundi, nisingenunua vipya." Hakuna hotuba ya kubana matumizi ambayo ningempa ikamfikisha hapo.

Nilipotaja fungu lake, dada alisema kilichobaki ni cha mdogo wake aliye kidato cha tatu. Na ana haki. Kule elimu ya mkubwa ni ngazi ya mdogo, na ukiitoa ngazi mapema mdogo anabaki chini. Tena pesa taslimu mkononi mwa kijana Amu hazilali. Siku hiyo hiyo kutakuwa na matanga, deni la duka, mashine ya boti iliyokufa, na kijana hawezi kusema sina huku kila mtu anajua anazo. Kwa hiyo tukapatana kwamba fungu lake liwe vifaa. Aliandika orodha mwenyewe: mita ya kupimia umeme, drili, koleo mbili, seti ya bisibisi zenye mipini ya kuzuia umeme, na sanduku lenye kufuli. Ilikuja kama shilingi 40,000. Zilizobaki zilikwenda kwa mdogo wake. Bado najiuliza kama sikumpunja, kwa kuwa binti yangu ameahidiwa pesa taslimu na yeye alipewa vifaa.

Hayo yote nilimsimulia kaka yangu. Yuko Amu sasa, ni mhasibu, mwanawe amemaliza kidato cha nne na anangoja kupangiwa chuo na KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo. Nilidhani ataniambia nimekuwa Mmarekani. Alinyamaza, kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza kwa miaka ishirini na sita.

"Ile mashua iliuzwa ngapi?"

Nilijua, kwa sababu mama alinambia kabla hajafariki. Nikamjibu: laki moja na themanini elfu, na nyavu zake.

"Ningesoma ualimu," akasema. "Wallahi ningesoma ualimu, na likizo ningetoka baharini na baba."

Sijui kama angefanya hivyo. Alikuwa na miaka kumi na tisa na Nairobi ilikuwa imemwingia kichwani. Baba pia pengine angeiuza tu, maana alikuwa mtu wa kuona fahari mtoto akiomba kikubwa. Lakini lile lilikuwa swali la kaka yangu kulijibu, na hakupewa nafasi ya kulijibu.

Wiki iliyofuata alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Vyuo viwili, kila kimoja na safu yake: karo, chumba, chakula, vitabu, basi kutoka Mokowe. Mwandiko wa kaka naujua, herufi zimelala kulia kama za baba. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa mkono mwingine, kwa penseli: "Baba, umesahau boti ya kuvuka. Ni kwenda na kurudi, mara tatu kwa mwaka."