Mvua ya London, mvua ya Manzese

Jana usiku mvua imenyesha London hadi alfajiri. Miaka sita niko hapa, na bado ikipiga kwa nguvu naamka kwanza kunusa. Aliyekulia Manzese, kule Dar es Salaam, anajua nanusa nini.

Kwetu masika yakikolea ndipo vyoo vinapotapishwa. Jirani anangoja mtaro ujae, anatoboa shimo lake gizani, na kukicha kila kitu kiko uani, palepale mama anapokaangia vitumbua. Mwaka 2015, kipindupindu kilipolipuka Dar, mdogo wangu alilazwa kambini siku nne.

Najua nitaambiwa: "Umepanda ndege juzi, leo sisi wachafu." Nani kasema? Mama yangu anachemsha maji ya kunywa hata mkaa ukipanda bei, na uwanja wake unafagiwa kabla jua halijatoka. Usafi mimi nimefundishwa Manzese.

Mwingine atasema hata Waingereza humwaga maji taka Mto Thames mvua ikizidi. Kweli, humwaga. Lakini wananchi wamepiga kelele, na limechimbwa handaki la kilomita 25 kuyazuia. Wala hawakuzaliwa wasafi hawa. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 pale Soho, na daktari John Snow akaonyesha kwamba kilitoka kwenye pampu ya maji ya Broad Street. Vifo hivyo havikutosha. Ni mpaka kiangazi cha 1858, Thames iliponuka hadi ndani ya Bunge, ndipo fedha za mabomba ya maji taka zilipopatikana haraka. Hapo ndipo roho inaponiuma: harufu ya Manzese haifiki wanakokaa wenye kupitisha bajeti.

Na jirani naye simwachi. Nilimpigia simu, mzee ninayemheshimu kama baba. Akanijibu, "Mwanangu, gari la kunyonya haliingii kwenye uchochoro huu, na vijana wa ndoo wanataka hela ya chakula cha wiki nzima." Nilikosa jibu, ila hasira haikunitoka. Wajukuu zake wanakanyaga maji yaleyale.

Wanaokuja na pampu ya mkono wanapita uchochoroni. Mwezi huu nimetuma hela ya choo chetu na cha mzee, wanyonye kabla ya Machi. Mama anasema mzee amekubali. Nyumba ya tatu, iliyo juu yetu kwenye mteremko, bado hawajajibu.